Kwa nini jirani ananyamaza

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wa Manyatta hapa Kisumu wamwone mgeni wa kutiliwa shaka halafu wanyamaze. Si kwamba hawajali. Nyumba Kumi, mpango wa majirani kuwapasha polisi habari za usalama, ilianzishwa 2013, mwaka ule jengo la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa na magaidi, watu 67 wakauawa, lakini nani humpelekea siri mtu anayemwogopa? Mwaka 2017, baada ya uchaguzi, polisi waliingia nyumba za watu usiku na kupiga waliokuwa ndani. Mtoto wa miezi sita kutoka mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, alipigwa akafariki. Hilo halijasahaulika.

Niliwahi kumwona mama mmoja kwenye kaunta ya kituo cha polisi akinong'ona kuhusu mpangaji mpya. Askari akarudia kila neno kwa sauti, na kijana wa boda yuko pale kwenye benchi anasikia. Mama akakaza leso yake, akatoka. Chumba chenye mlango tu kingetosha!

Mtaani kwetu kulikuwa na afande aliyekunywa chai kibandani kila asubuhi, watoto wakimjua kwa jina. Alihamishwa, lakini watu bado wanapiga namba yake.