Soseji ya asubuhi ukiwa Ujerumani: acha kuitafuta, itengeneze

Wiki jana msichana mmoja aliniandikia inboksi, yuko Leipzig, anafanya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya unesi, mwaka wa kwanza. Meseji ilikuwa ndefu, visa, nyumba, mwalimu wa Kijerumani hacheki, halafu mwishoni kabisa, ni kama aliona aibu kuuliza, akaandika: "Dada, na soseji kama zetu za kunywa na chai huku mnazitoa wapi? Nimenunua aina zote na zote ni uongo."

Zote ni uongo. Nilicheka mpaka mume wangu akatoka bafuni kuuliza kuna nini.

Sasa tangu ule mkataba wa kazi wa Kenya na Ujerumani usainiwe Berlin Septemba 2024, mnaniuliza kuhusu B1, ile ngazi ya Kijerumani, mishahara, sijui landlord anataka karatasi gani, na hayo nimeyaandika mpaka vidole vikaota sugu. La soseji hakuna mtu anaandika. Na mi naona B1 ina mwisho, unafanya mtihani unapita unasahau, lakini Jumapili asubuhi inarudi kila wiki na wewe uko na chai yako ya maziwa na sahani haina kitu cha maana.

Kwanza nimalize hili la mizigo juu naulizwa sana. Hapana, mama asikuletee. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya EU haviruhusiwi kwa begi la abiria, iwe imegandishwa, iwe imekaangwa, iwe imefungwa na foili mara kumi. Wanachukua wanatupa. Binamu yangu alinyang'anywa paketi zote akiangalia, na mama yake alikuwa amezibusu kabla ya kufunga begi, hiyo sitasema ni airport gani.

Haya. Ile soseji tunayoililia ni ya Muingereza, tusijidanganye. Walowezi walikuja nayo, wazee wetu wanakumbuka kiwanda cha Uplands kule juu ya Limuru, halafu Farmer's Choice wakaanza 1980 na sisi tuliozaliwa baada ya hapo hatujui nyingine. Ngozi nyembamba, ndani laini, kaladha ka pilipili manga nyeupe kwa mbali. Kwetu Nakuru ilikuwa kitu cha Krismasi na siku wageni wa maana wakija. Baba mbili, sisi moja moja, na yule mdogo anakatiwa nusu analia mpaka mama anampa yake. Nilipoanza kulipwa, mshahara wa kwanza kabisa, nilinunua paketi nzima nikaila peke yangu nimesimama jikoni. Kwa hivyo msiniambie ni chakula tu.

Nikaja Erfurt. Na kama hujui, Erfurt iko jimbo la Thüringen, na Thüringen ndio mahali wanajiona wenye soseji duniani. Nikasema hapa nimefika. Nikanunua Wiener: imechemshwa, inanuka moshi, hiyo ni binamu ya smokie, kwaheri. Nikanunua Weißwurst, ile nyeupe ya München wanayokula kabla ya saa sita mchana na mustard tamu, unaivua ngozi kwanza. Watu wa Bayern wanisamehe. Thüringer yenyewe ikipigwa kwa mkaa ukaiweka ndani ya mkate na mustard ya Born, hiyo siwezi kuisema vibaya, ni tamu jamani, lakini ina kitunguu saumu na Kümmel, zile mbegu za kisibiti, na wewe saa moja asubuhi una chai ya tangawizi mkononi. Haziendani.

Iliyokaribia ni Nürnberger. Ni ndogo, sentimita 7 mpaka 9, nyembamba, na utaipata supamaketi yoyote hata Lidl na Aldi. Kama hutaki kazi, nunua hiyo, ikaange polepole kwa siagi, fumba macho. Shida yake ni majani ya Majoran. Ukishaijua ile harufu huwezi kuacha kuisikia.

Kuna Jumapili moja nilikaanga nyingine tena, mpya, kwa paketi ina picha ya yai na mkate nikajua ndio hii. Nikaonja. Nikaweka uma chini nikalia. Mwanamke mzima, na kandarasi ya kudumu kazini, nalilia soseji. Mume wangu alidhani kuna mtu amekufa nyumbani.

Kitu nilichokuja kujua, na hiki ndicho unachofaa kushika hata kama hutasoma zaidi: kinachokosekana ni mkate. Soseji ya Muingereza ina mkate ndani. Sheria yao inasema ikiitwa soseji ya nguruwe basi nyama iwe angalau asilimia 42, mnasikia, 42, kwingine huko ni maji, mkate mkavu uliosagwa na viungo. Huo mkate ndio unashika mafuta na maji yasikimbie kwa pan, ndio unafanya ndani kuwe laini vile. Mjerumani yeye anapiga nyama na mafuta basi, ndio maana zake zinauma meno na kutema mafuta.

Kwa hivyo nikaenda kwa bucha ya hapa mtaani, mzee mmoja na bibi yake, nikamwambia kwa Kijerumani changu cha wakati huo anisagie nyama ya bega na anichanganyie na mkate mkavu. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Akaanza kunieleza, na foleni nyuma yangu inasikiliza, eti mwaka 1404 hapo Arnstadt masista wa konventi walishanunua utumbo wa kutengeneza bratwurst na karatasi ipo, na 1432 chama cha mabucha wa Weimar kikaandika sheria kwamba iwe nyama safi ya nguruwe tu na ukiharibu unapigwa faini. Yaani nilikuwa nataka kilo moja ya nyama nikapata historia ya miaka 600. Watu wakacheka. Mama mmoja akasema kitu kuhusu Afrika sikukielewa chote, nilielewa vya kutosha.

Mi nikamuuliza mzee, na Frikadelle, zile kababu zenu za nyama ya kusaga? Si hizo mnaweka mkate uliolowekwa? Akanyamaza. Bibi yake akacheka, huyo ndiye alinisagia, na mpaka leo nikifika ananiwekea Schweinebauch, tumbo la nguruwe, kando bila kuulizwa. Mzee hunisalimia sasa, lakini mkate kwa wurst hajakubali na hatakubali mpaka aende kaburini.

Sasa resipi. Kilo moja kwa jumla: gramu 700 za Schweineschulter, yaani bega la nguruwe, na gramu 300 za Schweinebauch. Usiniletee mambo ya nyama isiyo na mafuta sijui daiet, soseji bila mafuta ni kifutio. Chumvi gramu 16, ya kawaida, siyo ile Pökelsalz, hiyo ni ya ham na itakupa rangi ya pinki na ladha nyingine kabisa. Pima kwa mizani, vijiko havifanani. Paniermehl, yaani mkate mkavu uliosagwa, gramu 80 mpaka 100, ile ya bei rahisi kabisa isiyo na viungo. Maji ya barafu mililita 150 hivi. Pilipili manga nyeupe kijiko kidogo, kungumanga nusu ya kijiko kidogo, tangawizi ya unga nusu, basibasi ukiipata kidogo tu, na seji iliyokaushwa vijiko viwili vidogo, huku inaitwa Salbei na iko kwa shelfu ya viungo au hata ya chai za dawa. Ya kwetu haina seji nyingi, ukitaka ya nyumbani punguza, ukitaka ile ya hoteli za Waingereza weka yote.

Nyama iwe baridi. Kata vipande, weka friza nusu saa mpaka nje kuwe kugumu kidogo, ndio usage. Mashini ya kuzungusha na mkono utaipata Kleinanzeigen, ile tovuti ya vitu vya mitumba, au Flohmarkt, soko la mitumba, wazee wa huku wanakufa na watoto hawazitaki, nayo iweke friza pia kile chuma chake. Saga mara mbili. Kisha chumvi na viungo, kanda kwa mkono, maji kidogo kidogo, mkate mwisho, kanda mpaka inate. Chukua donge lipige kwa kiganja, geuza kiganja chini: lisipoanguka umefika. Chumvi ndiyo inavuta ile protini ya nyama itoke ishike vitu pamoja, lakini ikipata joto kabla ya hapo mafuta yanayeyuka na hakuna kukanda kutakakokusaidia. Kwa hivyo baridi. Nimesema baridi? Baridi.

Kaanga kipande kidogo uonje kabla ya kujaza, juu ukishajaza umejaza.

Kujaza: bucha anauza utumbo wa kondoo uliohifadhiwa kwa chumvi, uliza Saitling. Loweka maji ya vuguvugu, pitisha maji ndani, vuta kwa bomba la mashini. Kama umewahi kusimama kwa mtu wa mutura ukamwangalia akijaza, unajua kila kitu, usikaze sana na usiache hewa. Huna utumbo? Wala usijali, tengeneza vidonge vya bapa kama kebab bapa, Wamarekani wao ndio wanavyokula, na wao hawaweki mkate kabisa, wanaongeza pilipili kavu na sukari ya kahawia kidogo. Jimmy Dean kule Texas alianza kampuni yake ya soseji 1969 na hizo, na ukionja na mayai utaelewa.

Moto mdogo. Usizitoboe na uma tafadhali, nani alitufundisha hivyo. Dakika kumi na tano hivi ukigeuza, ndani ifike nyuzi 71 kama una thamomita. Na nyama iliyosagwa usiiache frija ukisema utatengeneza kesho, ni siku hiyo hiyo au friza.

Kwa ndugu zangu Waislamu, enda kwa bucha ya Mturuki, utumbo wa kondoo upo na nyama ya ng'ombe ipo, lakini ile ya kusagwa tayari mafuta yake kwa kanuni hayazidi asilimia 20, muombe akuongezee ya kondoo kidogo. Sucuk, ile soseji ya Kituruki, usinunue kwa hii kazi, ni tamu lakini ni kitunguu saumu na bizari ya pilau juu chini.

Sasa niseme la moyoni. Nilipoanza haya kuna mama mmoja wa jumuiya yetu, Mkenya mwenzangu, aliniambia mbele ya watu, "Yaani umepanda ndege ukaja Ulaya kusaga nyama na mkono kama uko Burma market?" Watu wakaangua kicheko. Nilicheka pia, lakini nilienda nalo nyumbani na nikalala nalo na kusema ukweli bado liko. Jamhuri Day iliyopita nikapeleka sinia mbili. Ziliisha kabla nyama choma haijageuzwa. Huyo mama nilimwona kwa macho yangu akifunga nne kwa tishu akitia kwa mkoba. Asante? Hakuna. Ni sawa.

Na hapa ndio naona tunajikosea sisi tulio nje. Mtu atalipa pesa ndefu kwa mkoba, kwa nywele, kwa picha ya Eiffel, lakini kuingia bucha kuuliza swali anaogopa kuchekwa. Anakula mkate na jam miaka mitatu akisema nitakula nikienda nyumbani. Utaenda nyumbani lini na nauli ni ile? Jifunze Kijerumani cha bucha. Maneno kumi yanatosha: bega, tumbo, saga, mara mbili, mafuta, utumbo, kilo, baridi, asante, kesho. Mwalimu wa B1 hawezi kukufundisha hayo, na atakayekucheka leo mwakani anafunga nne kwa tishu.

Mdogo wangu wa Leipzig, we anza na zile za bapa, nusu kilo, bila mashini. Mwambie bucha akusagie mara mbili hapo hapo, na beba mfuko wa barafu.

Na wale mmeshaanza kuniuliza bei: siuzi. Kuuza nyama nchi hii kuna vibali, na jikoni yangu ni ya mita sita. Jamhuri nitapeleka sinia tatu, mje mapema.