Kujisomea fasihi ya Kiswahili kwenye Diploma ya IB: kabla hujanunua kitabu hata kimoja

Shule nyingi za kimataifa hazina mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, hata zile zenye wanafunzi waliolelewa kwa Kiswahili. Kwa anayefanya Diploma ya IB (International Baccalaureate, programu ya kimataifa ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu), njia iliyopo ni kujisomea kwa msaada wa shule: unachukua Kiswahili A: Fasihi (A ni kwa lugha unayoimudu vizuri kimasomo), ngazi ya kawaida pekee, na unasoma kazi 9 ndani ya miaka miwili. Ukiunganisha na Kiingereza A, na kote ukapata angalau alama 3, diploma yako inakuwa ya lugha mbili.

Utakuwa na watu wawili, na kila mmoja ana kazi yake. Wa kwanza ni mwalimu msimamizi wa pale shuleni. Mara nyingi anasimamia chumba kimoja cha wanaojisomea lugha mbalimbali, wewe na tuseme Mkorea na Mnorwe, na Kiswahili hakijui. Huyo ni wa kukueleza mtihani unataka nini. Wa pili ni mkufunzi anayejua Kiswahili, pengine yuko Mombasa nawe uko Muscat, mnakutana kwa video. Huyo ni wa vitabu na lugha. Ukimwachia yeye mambo ya vigezo, atakusahihisha kwa mazoea ya mtihani aliouzoea, kidato cha nne cha Tanzania au KCSE ya Kenya, na alama zitapotea huku insha ikionekana nzuri. Mtumie vigezo vya usahihishaji wiki ya kwanza, umwombe aandike maoni yake kwa kufuata vipengele hivyo.

Sasa vitabu. Orodha ya IB unayochagulia kazi ni ya waandishi, si ya vitabu. Kazi zako lazima zigawanyike kati ya zilizoandikwa kwa Kiswahili na zilizotafsiriwa, na kwa jumla ziguse tanzu tatu, vipindi vitatu, na nchi au maeneo matatu ya mabara yasiyopungua mawili. Kikwazo ni tafsiri. Kazi ya tafsiri isome kwa Kiswahili, kwa sababu ni kwa Kiswahili utakapoichambua na kuinukuu, na tafsiri za Kiswahili si nyingi. Anza na hizo, halafu ndipo uchague za Kiswahili asilia, ambazo ni rahisi kupanga. Zipo Mabepari wa Venisi ya Shakespeare kwa mkono wa Nyerere (1969), Mfalme Edipode ya Sophocles, Shamba la Wanyama ya Orwell, na Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ: tayari una tamthilia na riwaya, Ulaya na Afrika, kale na karne ya 20. Thibitisha kwamba kila mwandishi yumo orodhani, kisha tafuta nakala. Baadhi ya tafsiri za zamani hazichapishwi tena kwa wingi, hivyo kitabu kisiingie kwenye fomu ya shule kabla hujakishika mkononi.

Wakati huohuo panga kipi kitatumika wapi. Mtihani wa mdomo (asilimia 30) unakula kazi mbili, moja asilia na moja ya tafsiri, na hizo huruhusiwi kuzirudia kwenye Karatasi ya Pili, mtihani wa insha ya kulinganisha kazi mbili. Wengi hutoa tamthilia zao mbili bora kwa mdomo, halafu wanabaki na vitabu visivyolinganishika. Kwa Karatasi ya Pili andaa nne vizuri, ambazo ukichukua mbili zozote zinakutana mahali: familia, madaraka, msimulizi asiyeaminika. Vitabu haviingii chumba cha mtihani, kwa hiyo kwa kila kazi kariri nukuu fupi 10 hivi, za maneno matano au sita.

Uchambuzi ndipo penye shida kubwa. Aliyepitia shule za Kenya au Tanzania huja na fani na maudhui: dhamira tano, mbinu kumi, kila moja na mfano wake. Orodha hiyo haimtoshi msahihishaji wa IB, anayeuliza mbinu imefanya nini. Chukua mshororo huu wa zoezi:

Nimekwenda sikurudi, njia imeota nyasi

Una mizani 16, 8 kwa 8. Kusema hivyo tu ni kuhesabu. Uchambuzi unaanza unapoonyesha kwamba ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) una vitenzi viwili vya nafsi ya kwanza, ilhali kwenye utao (nusu ya pili) msemaji hayupo tena, zimebaki njia na nyasi. Mizani ni sawa pande zote mbili, lakini mtu yuko upande mmoja. Sentensi tatu za namna hiyo zinazidi ukurasa wa tashbihi na takriri. Kwa mwezi wa kwanza jikataze kabisa kuanza sentensi kwa “Mwandishi ametumia”. Inakera, ila inafanya kazi.

Aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea ana shida nyingine: anaongea vizuri nyumbani, lakini kwenye insha msamiati unakauka. Tengeneza daftari la istilahi kama nafsineni, toni, kinaya, taharuki, mishata. Kisengerenyuma na mbinu rejeshi ni kitu kimoja. Chagua jina moja, ulishike insha nzima.

Kila wiki andika aya moja ya maneno kama 150, umtumie mkufunzi siku mbili kabla ya kikao. Kikao kisicho na maandishi kinageuka mazungumzo matamu kuhusu wahusika. Kwa mitihani ya Mei, maliza kazi zote 9 kabla ya Desemba ya mwaka wa pili.

Karatasi ya Kwanza ni saa 1 na dakika 15: vipande viwili usivyowahi kuviona, unachagua kimoja. Ya Pili ni saa 1 na dakika 45. Kila moja ina asilimia 35. Kama shule yenu hufanya mitihani kwa kalamu, fanyia mazoezi kwenye karatasi. Aliyezoea kuchapa huishiwa dakika kabla ya hitimisho. Kwa mdomo, kila kipande unachotoa kwenye zile kazi mbili kisizidi mistari 40 na vidokezo unavyoingia navyo visizidi 10. Taratibu za mdomo kwa wanaojisomea si zile za darasa la kawaida, na rekodi husahihishwa nje ya shule. Mwombe msimamizi maelekezo ya kundi lako, usinakili ya rafiki anayesoma Kiingereza A.