Msumeno wa Baba Usiupige Msasa

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mtaani kwetu tunaandaa siku ya kuwakumbuka wazee waliopasua mbao kwa mikono, zamani kabla mashine hazijaenea. Mimi nimepewa kazi ya kukusanya vifaa vyao. Wiki ya tatu hii nimeambulia shoka moja tu, tena halina mpini. Vifaa vile vimekwenda wapi?
Mama wa watoto wawili, Pugu Kajiungeni, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenigusa. Nilipokuwa kijana nilivuta msumeno chini ya gogo, baba yangu akiwa juu, unga wa mbao ukiniingia machoni kutwa nzima.

Usipite ukiuliza nani ana vifaa vya kale, maana hakuna anayejihesabu kuwa navyo. Uliza nyumba gani ilikuwa na msumeno wa watu wawili. Mingi haikutupwa, ilikatwakatwa. Chuma chake kizuri, watu wakakigeuza visu na vikwangulio. Muombe bibi akuonyeshe kisu chake cha siku nyingi. Ukikuta mgongoni kuna mabaki ya meno, hicho chukua, na maneno ya bibi uyaandike hapo hapo. Kwa wanunuzi wa chuma chakavu pita mapema, kabla mzigo haujapakiwa.

Ukipata msumeno mzima, tazama meno. Wa kupasulia meno yake yote yameinamia upande mmoja, kwani ulikata ukishuka, ukapanda bila kula mti. Wa kukatia magogo hula ukienda na ukirudi. Mpini wa juu ulikazwa moja kwa moja. Wa chini ulikuwa kipande cha mti chenye mkato, kikibanwa kwa kabari ili kichomoke upesi tunapoutoa msumeno kwenye gogo. Hicho cha chini ndicho adimu, maana kikiwa peke yake kila mtu huona kuni. Ulizia pia kamba ya kupigia mstari. Sisi yetu tuliipaka unga mweusi wa betri za redio, na vidole havikutakata mpaka Ijumaa.

Halafu mbao zenyewe. Kitanda cha mninga au meza ya mvule ya zamani, igeuze uone chini, ambako randa haikupita. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana, mmoja umelala zaidi ya mwenzake, kwa sababu mikono huchoka. Msumeno wa duara wa mashine huacha mikunjo kama vipande vya mwezi. Kitu hicho waonyesheni watoto kwa tochi, mwanga upige kutoka ubavuni.

Kuna kimoja usikiweke mezani: nyundo ya misitu, ile yenye alama ya kugonga kwenye gogo na kisiki. Ni mhuri wa serikali, na bado unatumika. Ikijitokeza, wapelekeeni Wakala wa Huduma za Misitu, mkaombe kibali cha kuionyesha. Wala msiingie hifadhi ya Pugu au Kazimzumbwi kuchimbua mashimo walimosimama wapasuaji wa chini bila ruhusa. Namna ya kupanga na kutunza, nendeni Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Wapo tangu 1967, na vitu vya nyumbani ndiyo kazi yao.

Sasa nikuombe jambo moja kwa moyo wote. Baba alipofariki niliuchukua msumeno wake, nikaupiga msasa ung'ae wageni wa arobaini wauone. Karibu na mpini palikuwa na mikwaruzo mitatu. Nilidhani kutu. Mama alipouona alinyamaza kitambo, kisha akaniambia ile ilikuwa alama ya baba, ya kuutambua wake kambini kwa wapasuaji. Haikurudi. Kwa hiyo ninyi futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, pakeni mafuta kidogo ya cherehani, basi. Msipake vanishi, msipake rangi.

Na hilo shoka lako usilitie mpini mpya. Likiwa na tundu la mpini, mara nyingi ni la dukani. Likiwa na mkia wa kuchomeka kwenye mti, limefuliwa na mhunzi. Kama lina tundu, chungulia ndani kabla hujalifuta. Mara nyingi hubaki kipande cha mpini wa kwanza, na fundi mzoefu akikiona atakuambia ni mti gani.