Bomba langu linagonga freti: Elmore James alifanyaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nampenda sana Elmore James, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani. Nimekata kipande cha bomba la chuma, nakivaa kidoleni na kukiteleza juu ya nyuzi za gitaa, lakini kinagonga freti, zile waya za chuma zilizokatiza shingo ya gitaa, na noti hazikai sawa. Gitaa nimelityuni kawaida. Ninunue jingine?

JIBU: Marahaba. Gitaa liache, tatizo liko kwenye kutyuni na kwenye mkono. Elmore alityuni nyuzi zake zitoe kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya D meja zikipigwa wazi, bila kubonyeza kitu. Kwenye gitaa lako, teremsha uzi wa 6 (ule mnene kuliko wote), wa 2 na wa 1 kwa toni moja, yaani umbali wa freti mbili, na wa 3 kwa nusu toni. Wa 5 na wa 4 usiziguse. Kuanzia uzi mnene utapata D, A, D, F shapu, A, D. Bomba limenyooka, likilala juu ya nyuzi zilizotyuniwa kawaida, huwezi kupata kodi moja ya meja kwenye nyuzi zote sita.

Kugonga kunatokana na kukandamiza. Bomba liguse uzi tu, lisiusukume chini. Nyuzi ukishazilegeza zinakuwa laini mno, kwa hiyo weka seti ya nyuzi nene kidogo, na kama bado zinagonga, inua daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Vaa bomba kidole cha mwisho. Vidole vingine viguse nyuzi nyuma yake kuzima makelele.

Kuhusu noti kutokaa: ulipozoea kubonyeza, kidole kinakaa nyuma ya freti. Bomba linakaa juu ya waya wa freti wenyewe. Milimita mbili tu nyuma, noti imeshuka na sikio linajua.

Elmore alizaliwa Richland, Mississippi, mwaka 1918. Baada ya kutumikia jeshi la majini katika Vita Kuu ya Pili, alifanya kazi Canton kwenye duka la kutengeneza redio. Mimi naamini kazi ile ilimfundisha mengi kuhusu sauti ya umeme. Agosti 1951, mjini Jackson, alirekodi "Dust My Broom" kwa kampuni ya Trumpet. Robert Johnson alikuwa ameurekodi wimbo huo mwaka 1936 kwa gitaa kavu (lisilo la umeme), akipiga kwa vidole yale mapigo ya haraka matatu matatu ndani ya kila dundo. Elmore akayahamishia kwenye bomba na amplifaya, na hapo ndipo yalipopata ukali wake. Mshtuko wa moyo ulimuua Chicago mwaka 1963, akiwa na miaka 45 tu. Lakini London, mwaka 1962, Brian Jones, baadaye wa Rolling Stones, alikuwa tayari akipanda jukwaani kwa jina la Elmo Lewis, na Jeremy Spencer wa Fleetwood Mac alijijenga karibu kabisa juu ya mtindo huo.

Kwa mazoezi, anza freti ya 10, teleza hadi ya 12 kwenye nyuzi tatu nyembamba, kisha piga matatu matatu, mkono wa bomba ukitetemeka kidogo. Ikishakaa, hamia freti ya 5, halafu ya 7. Freti ya 12, ya 5 na ya 7 ndizo kodi tatu za bluzi ya baa 12, yaani mzunguko wa vipimo 12 unaorudiwa wimbo mzima.