Muswada wa riwaya ya kisayansi umekamilika, uanzie wapi?

Mdogo wangu wa Uyole, hongera sana kwa kumaliza. Umeuliza kama umlipe mchapishaji hela anayodai ndipo akuchapie kitabu. Usilipe. Mchapishaji anayekiamini kitabu chako hugharimia yeye uhariri na uchapaji, wewe unapata mrabaha, yaani fungu lako kwenye mauzo. Anayetaka umlipe anakuuzia huduma ya kuchapa, hata akijiita vipi.

Mimi ningeanza na tuzo za uandishi. Ipo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ipo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Zote hupokea miswada ya Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno.

Ila kabla hujatuma, rudi kwenye ile sura ya chombo cha angani kinachotua Mbozi, kando ya kimondo. Wazo ni zuri mno, na ni la kwetu. Tatizo ni hayo maelezo marefu ya injini, yanamchosha msomaji. Mwache yule bibi agonge chuma kwa mpini wa jembe, kisha asikie kikimjibu kutoka ndani. Hapo nilisoma nimeshika pumzi! Injini itaeleweka humohumo. Halafu mpe mwalimu wa fizikia aipitie.

Ukiamua kujichapia, ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, ila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi.