Kwa nini nipimwe homoni za tezi iliyo ubongoni?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 34. Nimepimwa damu asubuhi mara mbili, na mara zote testosteroni imekuwa chini ingawa korodani zangu hazijawahi kuumia. Sasa nimeagizwa nipime homoni za tezi ya pituitari. Tezi hiyo inahusianaje na korodani, na kwa nini nisichomwe tu sindano za testosteroni?

JIBU: Ndugu msomaji, umeagizwa vipimo sahihi, kwa kuwa seli zinazotengeneza testosteroni hazijiamulii kazi zenyewe. Seli hizo huitwa seli za Leydig, kwa jina la Mjerumani Franz Leydig aliyezieleza mwaka 1850, nazo zimo katika nafasi zilizo baina ya mirija inayozalisha mbegu za kiume. Amri ya kufanya kazi huletwa na damu kutoka tezi ya pituitari, iliyo ndogo kama punje ya njegere, kwa njia ya homoni iitwayo LH.

LH inaponasa kwenye vipokezi vya seli ya Leydig, huamsha mfululizo wa ishara ambao mwisho wake ni kuingizwa kwa kolesteroli ndani ya mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vilivyo ndani ya seli, kwa msaada wa protini iitwayo StAR. Hatua hiyo ndiyo inayoamua kasi ya kazi yote, kwani testosteroni hutengenezwa kutokana na kolesteroli, na isipoingia humo vimeng'enya, yaani protini zinazoibadilisha kuwa testosteroni, hukosa cha kushughulikia. Zaidi ya hayo, LH huzitunza seli zenyewe: ikikosekana kwa muda mrefu, husinyaa na vimeng'enya vyake hupungua.

Homoni ya pili, FSH, hufanya kazi hasa kwenye seli za Sertoli, walezi wa mbegu za kiume, na huzigusa seli za Leydig kwa njia isiyo ya moja kwa moja tu. Prolaktini, homoni nyingine ya pituitari, inapozidi, hupunguza msukumo unaotoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoiongoza tezi hiyo, kwenda pituitari, LH ikashuka, na testosteroni ikafuata.

Ndiyo maana majibu yako husomwa kwa pamoja. Testosteroni ikiwa chini huku LH ikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani, maana amri inatolewa kwa nguvu lakini haitekelezwi. LH ikiwa chini, tatizo hutafutwa juu, yaani kwenye pituitari au haipothalamasi. Nakusihi usitulizwe na LH iliyoandikwa kuwa ni ya kawaida, kwa sababu testosteroni inapopungua LH ilipaswa kupanda. Kubaki kwake palepale ni dalili kwamba pituitari au haipothalamasi haiitikii upungufu huo.

Kuhusu sindano, ubongo ukihisi testosteroni ya kutosha katika damu hupunguza LH na FSH, seli za Leydig hulala, na testosteroni iliyomo ndani ya korodani, ambayo kwa kawaida huwa nyingi makumi ya mara kuliko ya kwenye damu, huporomoka. Mbegu za kiume hupungua sana, hata kutoweka kabisa. Kwa hiyo, kama ungali unatarajia kupata watoto, mweleze daktari wako kabla ya sindano ya kwanza, kwani ipo homoni ya hCG, inayonasa kwenye vipokezi vilevile vya LH na kuziamsha seli zako mwenyewe. Na iwapo una maumivu ya kichwa yasiyoisha, au huoni vizuri vitu vilivyo pembeni, usingoje majibu ya maabara. Rudi kwa daktari upesi ili tezi yenyewe ipigwe picha.