Maswali yenu: sauti za The Simpsons na wenye sauti zao

Tangu Pamela Hayden, aliyekuwa sauti ya Milhouse, rafiki wa Bart, alipotangaza kustaafu Novemba 2024, maswali ya The Simpsons, katuni ya Marekani ya familia ya Homer, mkewe Marge na watoto wao Bart, Lisa na kichanga Maggie, hayajakoma. Haya ndiyo niliyoona yanafaa kujibiwa.

Ni kweli sauti ya Bart ni ya mwanamke?

Ndiyo, Nancy Cartwright, tangu 1987. Swali hili linaletwa kila mara kama siri iliyovuja jana, na jina lake linapita kwenye skrini kila kipindi kinapoisha. Someni majina ya mwisho, jamani. Cartwright alikwenda kujaribiwa kwa nafasi ya Lisa, akavutiwa na Bart, akaomba amsome yeye. Yeardley Smith naye alijaribiwa kwa Bart, akaonekana ana sauti ya kike mno, akapewa Lisa.

Homer wa zamani anasikika kama mtu mwingine. Walibadilisha mwigizaji?

Hawakubadilisha. Dan Castellaneta alianza kwa kumwiga mwigizaji Walter Matthau, enzi familia hii ilipokuwa katuni fupifupi ndani ya kipindi cha vichekesho cha The Tracey Ullman Show. Kipindi kilipojitegemea Desemba 1989, ile sauti ya mwanzo ikawa haina nguvu ya kubeba hasira na furaha zote za Homer, ndipo akaihamisha taratibu. Sikiliza misimu ya kwanza mfululizo utamsikia akiitafuta.

Wanasema huku wakitazama midomo ya katuni?

Ni kinyume chake. Skripti husomwa mezani, sauti zikarekodiwa, ndipo wachoraji wakachora wakiifuata sauti. Uchoraji huchukua miezi, na sehemu yake kubwa hufanyika Korea Kusini. Kwa hiyo mguno, pumzi na ule mkato wa Moe, mwenye baa, anapokasirika vimeshakuwapo kabla ya mchoro. Wanaofuata midomo ni waigizaji wa lugha nyingine, na wao ndio wanaosahaulika kuliko wote. Huko Mexico, Humberto Vélez, Homer wa Amerika ya Kilatini, aliondoka mwaka 2005 katika mgogoro wa kazi. Ilichukua zaidi ya muongo mmoja kabla watazamaji hawajarudishiwa sauti yake.

Zaidi ya dola 300,000 kwa kipindi kimoja, kwa kuongea tu! Huo si wizi?

Hilo neno “tu” ndilo linaloniudhi. Hadi 1998 waigizaji wakuu sita walilipwa dola 30,000 kila mmoja kwa kipindi, wakati sura za wahusika wao zimeshajaa kwenye fulana, vikombe na midoli duniani kote. Walipodai zaidi, Fox, kampuni ya televisheni yenye kipindi, ilitishia kuwatafutia mbadala. Wakapata 125,000. Mwaka 2004 walisusia vikao vya kusoma skripti, malipo yakafika kama 250,000, na 2008 yakakaribia 400,000. Mwaka 2011 kampuni ikadai wapunguziwe asilimia 45, la sivyo kipindi kifungwe. Wakakubali kushuka, na hapo ndipo inapotoka hiyo 300,000 mnayoipigia kelele.

Hao ni sita wenye nguvu ya kugoma pamoja. Asiye na nguvu hiyo ni kama Maggie Roswell, sauti ya Maude Flanders, jirani wa familia hiyo. Alikuwa akisafiri kwa ndege kutoka Denver kwenda kurekodi, akaomba nyongeza hasa kwa ajili ya gharama hizo. Alikataliwa, akaondoka 1999. Mwaka uliofuata Maude akauawa kwenye kipindi. Roswell alirudi 2002, lakini mhusika wake alikuwa ameshazikwa. Mkitaka kuzungumzia wizi, anzieni hapo.

Apu, Mhindi mwenye duka, anaigizwa na nani sasa?

Hana mwigizaji. Hank Azaria, ambaye ni mzungu, alitangaza kumwacha Januari 2020, na tangu hapo Apu akionekana hasemi. Wahusika weusi nao, waliokuwa wakiigizwa na wazungu, walihamishwa: Carl alipewa Alex Désert, na Dkt. Hibbert alipewa Kevin Michael Richardson. Uamuzi ulikuwa sahihi.

Sauti ya Marge imechakaa. Kwa nini wasimwondoe Julie Kavner, au watumie akili mnemba?

Kavner ana zaidi ya miaka 70. Mikwaruzo ile ilikuwamo tangu siku ya kwanza, na ndiyo iliyomfanya Marge awe Marge. Mchoro hauzeeki, koo linazeeka. Mimi namsikia mama aliyechoka na bado anapenda, na sitaki kijana wa kumwiga.

Kipindi chenyewe kimewahi kuonyesha adabu. Phil Hartman alipouawa mwaka 1998, wahusika wake Troy McClure na Lionel Hutz walistaafishwa. Marcia Wallace alipofariki 2013, Mwalimu Krabappel aliyemwigiza akaondoka naye. Baadaye msimamo ukalegea: Russi Taylor alifariki 2019 na mhusika wake Martin akapewa mtu mwingine. Sikulipenda, ingawa angalau alipewa binadamu aliyelipwa. Ninachosema hakijabadilika: mwigizaji mkuu akiondoka, mhusika apumzishwe, hata kama kipindi kimeongezewa mkataba hadi msimu wa 40.

Kuhusu mashine, Azaria aliandika mwanzoni mwa 2025 kwamba anahofia sauti zake zaidi ya 100 zinaweza kunakiliwa, na akaeleza kwamba mwigizaji wa sauti hutumia mwili mzima. Waigizaji wa Marekani waligoma 2023, na akili mnemba ilikuwa miongoni mwa hoja kuu. Kwa hiyo wanaonitumia klipu za Homer wa bandia akiimba nyimbo za watu, acheni. Mnachosambaza ni koo la mtu aliye hai ambaye hakuombwa ruhusa.

Maggie aliposema neno la kwanza, ilikuwa sauti ya nani?

Elizabeth Taylor, nyota wa filamu, 1992.

Nina kipaji cha kuiga sauti. Nianzie wapi?

Anza kwa kuacha kuiga. Jifunze kuigiza: jukwaani, kwa kusoma kwa sauti, kwa kusikiliza watu wanavyobishana. Cartwright alifundishwa na Daws Butler, bingwa wa katuni wa kizazi kilichotangulia, hakuokota kazi kwa bahati. Ukipata mkataba, usitie saini kabla ya kutafuta kipengele kinachohusu kunakili sauti yako au kuifundishia mashine. Kama kipo, kiondolewe au kilipiwe kivyake. Kama hakipo, dai kiandikwe kinachokataza.